Shajara ya mradi: kuupanga upya mfumo wa seva wa kuweka nafasi katika vyumba vya mikutano

Wiki ya 1

Leo tumeanza rasmi kazi ya kuupanga upya mfumo wa seva unaopokea maombi ya kuweka nafasi katika vyumba vya mikutano, na nimeona vyema niandike shajara hii tangu siku ya kwanza ili atakayeurithi mfumo baada yetu ayakute tuliyoyafanya pamoja na sababu zake. Mfumo umeandikwa kwa JavaScript juu ya Node.js, yaani programu inayoendesha JavaScript kwenye seva, na kiunzi cha Express toleo la 4 (msimbo tayari wa kupokea maombi ya wavuti), data yake inakaa katika hifadhidata ya PostgreSQL, na kwa miaka sita umepita mikononi mwa watu wengi. Watumiaji hawaulalamikii sana. Wanaoteseka ni sisi tunaoutunza, kwa kuwa badiliko dogo la siku moja limekuwa likichukua wiki mbili, na sehemu kubwa ya muda huo huishia katika kutafuta ni nini kingine kitakachoguswa.

Nilikaa na mwenzangu tukasoma faili la `nafasi.js` kuanzia juu hadi chini. Lina mistari 1,840. Fanksheni inayopokea ombi jipya inasoma mwili wa ombi, inakagua haki za mtumiaji, inatunga maneno ya SQL (lugha ya kuiuliza hifadhidata), inakokotoa ada, inaandika kwenye hifadhidata, inatuma barua pepe, kisha inachagua namba ya jibu la HTTP (itifaki ya wavuti), na yote hayo yamo ndani ya mabano yaleyale. Kanuni inayosema kwamba nafasi moja isizidi dakika 240 tumeikuta mahali patatu, na mahali pa tatu imeandikwa 300. Hakuna aliyeweza kutuambia ipi ndiyo sahihi mpaka tulipomuuliza msimamizi wa huduma.

Tumekubaliana kwamba hatutauandika mfumo upya kutoka mwanzo. Msimbo wa zamani, hata ukiwa mbovu, umebeba maamuzi mengi ambayo hayakuandikwa popote pengine, na anayeufuta wote anayafuta na hayo. Mfumo utaendelea kutumika kila siku, na kila hatua tutakayopiga itapelekwa kwenye seva ya watumiaji peke yake, ikiwa ndogo kiasi cha kuweza kurudishwa nyuma ndani ya dakika chache.

Kazi ya kwanza kabisa imekuwa kuandika majaribio yanayoushika mfumo kwa nje: yanauwasha mfumo mzima pamoja na PostgreSQL halisi, yanatuma maombi ya HTTP, na yanalinganisha majibu na yale yanayotolewa leo. Tumeandika 63. Baadhi yanathibitisha tabia ambayo tunajua ni kosa, na hayo tumeyawekea alama, kwa sababu lengo la wiki hii ni kujua mfumo unafanya nini. Swali la unapaswa kufanya nini litakuja baadaye.

Wiki ya 2

Wiki hii tumechora mipaka, na naamini kazi nyingine zote katika mradi huu zitasimama juu ya hii.

Tulianza na mpangilio wa folda. Mfumo wa zamani ulikuwa na folda moja ya njia zote, nyingine ya vichujio vyote, na nyingine ya maswali yote ya hifadhidata, hivi kwamba aliyetaka kubadilisha jambo moja la nafasi alifungua mafaili katika folda tano. Sasa tumepanga kwa kufuata shughuli yenyewe: folda ya `nafasi`, ya `vyumba`, na ya `ankara`. Ndani ya kila moja kuna sehemu tatu. Ya kwanza ni kanuni, ambazo ni fanksheni za kawaida zinazopokea thamani za kawaida na kurudisha thamani za kawaida. Ya pili ni hifadhi, ambayo ndiyo pekee inayoruhusiwa kuijua SQL. Ya tatu ni njia za HTTP, ambazo kazi yake ni kutafsiri ombi liingiapo na jibu litokapo, basi.

Kipimo tunachokitumia tunapobishana kuhusu mahali pa kuweka msimbo ni swali moja: je, kanuni hii ingeweza kuitwa na kazi inayojiendesha usiku, isiyo na ombi lolote la HTTP? Ikiwa haiwezi kwa sababu inategemea `req` au `res` (ombi na jibu la HTTP), basi imewekwa mahali pasipo pake. Kwa kipimo hicho tuligundua kwamba hesabu ya ada ilikuwa inasoma lugha ya mtumiaji kutoka kwenye kichwa cha ombi ili kuamua jinsi ya kuandika tarehe, na kwa hiyo haikuwezekana kukokotoa ada bila kuwa na kivinjari upande wa pili. Kuzitenganisha hesabu na uandishi wa tarehe kulichukua nusu siku, na ndiyo nusu siku iliyotufaa kuliko zote wiki hii.

Saa nayo tumeitoa ndani ya kanuni. Kanuni ya zamani ilimwita `Date.now()` yenyewe, kwa hiyo jaribio la "nafasi haiwezi kuwekwa kwa wakati uliopita" lilifaulu au kushindwa kutegemea lilivyoendeshwa. Sasa wakati wa sasa unaingizwa kama hoja ya fanksheni, na jaribio linachagua saa linayoitaka.

Palikuwa na pendekezo la kuhamia kwenye kiunzi kikubwa chenye mtambo wake wa kuunganisha sehemu za programu. Nimelipinga, na nimeeleza sababu kwa maandishi: sehemu zetu ni chache, na fanksheni inayopokea hifadhi yake kama hoja inasomeka na mtu yeyote aliyejifunza JavaScript mwaka jana. Kiunzi hicho kingefaa timu ya watu 40. Sisi tuko wanne.

Wiki ya 3

Vitegemezi, yaani vifurushi vya msimbo wa watu wengine tunavyovitumia. Faili la `package.json` lilikuwa na vifurushi 61 vya moja kwa moja. Tumebaki na 34. Vingi vilivyoondoka vilikuwa vinafanya kazi ambayo Node.js yenyewe imeshaibeba: `fetch` imo ndani tangu toleo la 18 la mwaka 2022, `crypto.randomUUID` ni ya zamani zaidi ya hapo, na kiendeshi cha majaribio cha `node:test` kimehesabiwa kuwa thabiti tangu toleo la 20. Kilichonisukuma ni kumbukumbu ya Machi 2016, wakati kifurushi cha left-pad chenye mistari 11 tu ya msimbo kilipoondolewa kwenye npm, ghala la vifurushi vya JavaScript, na miradi mingi duniani ikashindwa kujengwa siku hiyohiyo, ilhali wenye miradi hiyo wengi hawakujua hata kwamba wanakitegemea. Kila kifurushi kilichobaki sasa kina mstari mmoja katika waraka wetu unaoeleza kwa nini kipo.

Seva ya kujengea sasa inatumia `npm ci` badala ya `npm install`. Amri hiyo huifuata `package-lock.json` kama ilivyo na hukataa kuendelea ikiwa faili hilo halikubaliani na `package.json`. Tumehama pia kutoka toleo la Node.js lililokwisha muda wake wa matengenezo, na tumeandika kwamba kwenye seva ya watumiaji tutakuwa juu ya matoleo ya matunzo ya muda mrefu peke yake.

Wiki ya 4

Kwa miezi mingi tumekuwa tukipokea malalamiko kwamba barua pepe za uthibitisho "wakati mwingine hazifiki", na logi za seva hazikuonyesha kosa lolote. Leo tumejua sababu.

Katika fanksheni ya kuweka nafasi, mwito wa kutuma barua pepe ulikuwa hauna `await`, neno la kusubiri matokeo, mbele yake. Mwito huo hurudisha promisi, yaani ahadi ya matokeo yatakayokuja baadaye, na kwa kuwa hakuna aliyeisubiri, seva ya barua ilipokataa, kosa lake halikuwa na mwenyewe. Tangu toleo la 15 la Node.js, lililotoka Oktoba 2020, promisi iliyokataliwa bila mshughulikiaji huuangusha mchakato mzima (programu inayoendeshwa), na hilo lingetuamsha mapema. Lakini mtu fulani, bila shaka baada ya usiku mgumu wa seva kuanguka, alikuwa ameongeza katika faili la kuwashia mfumo msikilizaji wa tukio la `unhandledRejection` ambaye mwili wake ni mtupu. Mistari miwili. Seva iliacha kuanguka, na tangu siku hiyo makosa yote ya namna hiyo yamekuwa yakizikwa kimyakimya.

Tumeuondoa msikilizaji huo, na tumeiwasha kanuni ya linta (programu inayoukagua msimbo kabla haujaendeshwa) iitwayo `no-floating-promises`, ambayo hukataa promisi yoyote isiyosubiriwa wala kushughulikiwa. Ilituonyesha mahali pengine 22. Tumevipitia kimoja kimoja, na katika sita kati yake tungeweza kupoteza data ya mtumiaji.

Kisha tumehamia Express toleo la 5. Katika toleo la 4, fanksheni ya `async` ikitupa kosa, Express hailioni, na mtumiaji anabaki akisubiri jibu lisilokuja. Toleo la 5 hulipeleka kosa hilo lenyewe kwa mshughulikiaji wa makosa. Uhamisho huo ulituwezesha kufuta vifungu vingi vya `try` na `catch` vilivyokuwa vimetapakaa katika njia zote, kila kimoja kikiwa na namna yake ya kumjibu mtumiaji.

Sasa makosa yamegawanyika makundi mawili na yanashughulikiwa mahali pamoja. Kundi la kwanza ni la makosa yanayotarajiwa, kama vile chumba kimeshachukuliwa au mtumiaji hana haki, na hayo yana aina yake na jina lake katika kanuni, bila kujua chochote kuhusu HTTP. Faili moja lenye jedwali fupi ndilo linaloamua kwamba "chumba kimechukuliwa" ni jibu la HTTP namba 409 na "chumba hakipo" ni 404. Kundi la pili ni dosari za msimbo wenyewe. Mtumiaji anajibiwa 500 (hitilafu ya seva) bila maelezo ya ndani, logi inapokea maelezo yote, na kosa lililotoroka nje ya ombi kabisa linauzima mchakato ili uwashwe upya ukiwa safi. Najua wapo wanaoona ni ukali kuuzima mchakato, lakini baada ya kosa lisilojulikana hatuna njia ya kujua vitu vilivyomo ndani yake vimebaki katika hali gani, na sitaki mfumo unaobahatisha juu ya data za watu.

Wiki ya 5

Tatizo la wiki hii lilikuwa kubwa kuliko tulivyodhani: chumba kimoja, saa moja, watu wawili, na wote wawili wana barua ya uthibitisho.

Mwenzetu mmoja alipinga kwamba jambo hilo linawezekana. "Si Node.js ina uzi mmoja tu? Maombi mawili yataingiliana vipi?" Ni swali la haki, na nadhani wengi wanaoandika JavaScript upande wa seva wanaamini hivyo, kwa hiyo nilichora mfuatano ubaoni. Ombi la kwanza linaiuliza hifadhidata kama chumba kiko wazi, na linafika kwenye `await`. Hapo uzi, yaani mkondo mmoja wa kutekeleza msimbo, unaachiliwa, kitanzi cha matukio (utaratibu wa Node.js wa kugawa zamu) kinachukua ombi la pili, nalo linauliza swali lilelile. Hifadhidata inalijibu la kwanza kwamba chumba kiko wazi. Inalijibu la pili hivyohivyo, na ni kweli, kwa kuwa hakuna aliyeandika bado. Kisha yote mawili yanaandika. Uzi mmoja unatuhakikishia tu kwamba msimbo ulio kati ya `await` moja na nyingine haukatizwi. Kila `await` ni mlango ulio wazi, na hali uliyoisoma kabla yake inaweza kuwa imebadilika baada yake.

Wazo la kwanza lililotolewa lilikuwa kuweka kufuli ndani ya programu. Lisingetusaidia, kwa sababu tunaendesha michakato minne ya Node.js nyuma ya kigawa mzigo kinachoyagawa maombi kati yake, na kufuli la mmoja halionekani na wengine. Uamuzi wetu umekuwa kuiachia PostgreSQL ilinde kanuni hii, kwa kuwa ndipo mahali pekee ambapo maombi yote hukutana. Tumeuhifadhi muda wa nafasi kama safu moja ya aina ya `tstzrange`, na juu ya jedwali tumeweka kikwazo cha `EXCLUDE USING gist` kinachosema kwamba hazitakuwapo safumlalo mbili zenye chumba kilekile na vipindi vinavyogongana, isipokuwa zilizofutwa. Kwa kuwa kipindi cha aina hiyo kwa kawaida hujumuisha mwanzo wake na hakijumuishi mwisho wake, mkutano unaoisha 10:00 haugongani na unaoanza 10:00, jambo ambalo msimbo wa zamani ulilikosea mara mbili kwa njia mbili tofauti.

Kikwazo hakikukubali kuwekwa mara ya kwanza. Jedwali lilikuwa tayari na jozi 17 za nafasi zinazogongana katika siku zijazo, na kikwazo cha aina hii hakina njia ya kuahirisha ukaguzi wa safumlalo zilizopo. Tulilazimika kumpa msimamizi wa huduma orodha hiyo, naye akawasiliana na wahusika mmoja mmoja. Siku mbili zilipita. Sikujuta, kwa sababu kila jozi katika orodha hiyo ilikuwa ni watu wawili ambao wangekutana mlangoni.

Ukaguzi wa kirafiki wa "chumba kimeshachukuliwa" umebaki katika kanuni ili mtumiaji apate jibu mapema, lakini sasa hifadhi inajua pia kulitambua kosa la PostgreSQL lenye namba `23P01` na kuligeuza kuwa kosa lilelile linalotarajiwa. Kanuni zenyewe hazikubadilika hata mstari mmoja, na hapo ndipo nilipoona faida ya mipaka ya wiki ya pili kwa macho yangu.

Barua pepe nazo zimefuata njia hiyo. Badala ya kutumwa katikati ya ombi, nia ya kutuma inaandikwa kwenye jedwali ndani ya muamala uleule unaoandika nafasi, kisha mchakato wa pembeni huyachukua maandishi hayo kwa `FOR UPDATE SKIP LOCKED` (amri inayoziruka safumlalo zilizokwisha kushikwa na mwingine) na kuyatuma. Nafasi isipoandikwa, barua haipo. Nafasi ikiandikwa, barua itajaribiwa tena mpaka iende.

Wiki ya 6

Wiki fupi, yenye tukio moja la kuumiza. Seva ya majaribio iliwatumia watumiaji halisi barua 212. Kigeu cha mazingira cha kuruhusu barua kilikuwa kimewekwa `false`, na msimbo uliuliza tu kama kigeu hicho kina thamani. Katika Node.js kila kilichomo ndani ya `process.env` ni maandishi, na maandishi yoyote yasiyo matupu, hata yanayosomeka "false", huhesabiwa kuwa kweli.

Tumeandika moduli moja ya usanidi. Ndiyo pekee inayoruhusiwa kuvigusa vigeu vya mazingira. Inavisoma mara moja mfumo unapowashwa, inavigeuza kuwa namba, ndiyo au hapana, na anwani, na ikikuta kimoja kimekosekana au hakieleweki inakataa kuwasha mfumo huku ikikitaja kwa jina. Sehemu nyingine zote zinapokea kitu kilichokwisha kukaguliwa. Tumewaomba radhi waliopokea barua zile.

Wiki ya 8

Kila mwanzo wa mwezi kigawa mzigo kimekuwa kikiitoa seva moja kazini kwa dakika chache, na tulikuwa tumezoea kulaumu mtandao. Tuliiwasha `monitorEventLoopDelay` kutoka moduli ya `perf_hooks`, tukaona kwamba katika nyakati hizo kitanzi cha matukio kilisimama kwa zaidi ya sekunde 6. Muda wote huo mchakato haujibu ombi lolote, hata lile dogo la kuuliza kama uko hai.

Chanzo kilikuwa ripoti ya mwezi. Msimbo ulivuta nafasi zote za mwaka mzima kwenye kumbukumbu ya mashine, ukazipanga kwa mizunguko mitatu iliyopachikana, kisha ukageuza kila kitu kuwa JSON (muundo wa maandishi wa kubebea data) kwa mwito mmoja. Wazo letu la kwanza lilikuwa kuipeleka kazi hiyo kwenye uzi msaidizi wa `worker_threads`. Kabla ya kufanya hivyo tulijaribu kuiandika hesabu yenyewe kwa SQL, kwa `GROUP BY` na `SUM`, na ikamalizika kwa chini ya nusu sekunde ndani ya PostgreSQL, huku Node.js ikiwa huru kuwahudumia wengine. Uzi msaidizi haukuhitajika tena. Ushauri wangu kwa atakayekuja ni kwamba aiulize kwanza hifadhidata kama kazi hiyo si yake.

Katika kupekua huko tulikuta pia `crypto.pbkdf2Sync`, fanksheni ya kuchakata nywila inayousimamisha uzi mpaka imalize, katika njia ya kuingilia. Toleo lake lisilosubirisha huifanya kazi hiyo nje ya uzi mkuu, katika hodhi la nyuzi la libuv (maktaba iliyomo ndani ya Node.js) ambalo kwa kawaida lina nyuzi nne. Badiliko lilikuwa la mstari mmoja.

Wiki ya 9

Tumeanza kuleta TypeScript, yaani JavaScript iliyoongezewa maelezo ya aina za data, polepole, kwa kuanzia kwenye kanuni. Mafaili mengine yamebaki JavaScript yenye maelezo ya aina katika maandishi ya JSDoc, na kompaila ya TypeScript inayakagua kwa `checkJs`. Njia hii imetuwezesha kuendelea kupeleka matoleo mapya kila siku bila kusimamisha kazi ili kubadilisha mafaili 140 kwa mkupuo.

Hata hivyo, wiki hii imetufundisha mahali ambapo aina hukoma. Ripoti mpya tuliyojivunia wiki iliyopita ilionyesha, kwa chumba kimoja, mapato ya senti 1500200. Hesabu sahihi ilikuwa 1700. Sababu ni kwamba PostgreSQL ikijumlisha safu ya `integer` hutoa jibu la aina ya `bigint`, na kiunganishi cha `pg` huirudisha `bigint` ikiwa maandishi, kwa kuwa namba ya kawaida ya JavaScript inaaminika mpaka 9007199254740991 tu. Kwa hiyo "1500" ilipokutana na ada ya ziada 200, alama ya kujumlisha iliyaunganisha kama maandishi. Kompaila haikusema neno, kwa sababu tulikuwa tumeiambia kwamba safu hiyo ni namba, nayo ilituamini. Aina za TypeScript hufutwa kabla ya programu kuendeshwa. Wakati data inaingia, hazipo tena.

Kosa hilo tulilileta sisi, kwa badiliko la wiki ya 8, na jaribio letu la nje halikulikamata kwa kuwa data yake ya mfano haikuwa na ada ya ziada. Tumeongeza jaribio hilo. Muhimu zaidi, kila data inayovuka mpaka, iwe ni mwili wa ombi, safumlalo ya hifadhidata au jibu la huduma nyingine, sasa inakaguliwa na msimbo unaoendeshwa kweli, na aina ya TypeScript inatokana na ukaguzi huo badala ya kuandikwa kando kwa kubahatisha. Baada ya mpaka, ndani ya kanuni, hatukagui tena.

Wiki ya 10

Logi na kuzima.

Logi sasa ni mistari ya JSON, na kila mstari una namba ya ombi lililousababisha. Hatukutaka kuipitisha namba hiyo kama hoja katika kila fanksheni, kwa sababu kanuni zingeanza tena kujua habari za HTTP, kwa hiyo tunaibeba kwa `AsyncLocalStorage`, ambayo huifuata kazi hata inapopita `await` kadhaa. Jana malalamiko ya mtumiaji mmoja yalifuatiliwa kutoka kwenye njia hadi kwenye swali la SQL kwa dakika tatu. Nywila na anwani za barua pepe haziandikwi.

Kuzima kulitupa kazi zaidi. Kila tulipopeleka toleo jipya, watumiaji wachache walikatwa katikati ya ombi. Msimbo wa kupokea ishara ya `SIGTERM` (ombi la kuuzima mchakato) ulikuwapo na ulionekana sahihi, lakini haukuwahi kuitwa, kwa kuwa amri katika faili la Docker (chombo cha kufungasha na kuendesha programu) iliandikwa kwa namna inayowasha ganda la amri kwanza, na ganda hilo haliipitishi ishara kwa Node.js. Tuliiandika upya kama orodha ya maneno, ishara ikafika. Sasa mchakato ukiipokea unaanza kujibu kwamba hauko tayari ili kigawa mzigo kiache kuuletea kazi, kisha unaifunga seva isipokee miunganisho mipya, unayasubiri maombi yaliyobaki kwa muda usiozidi sekunde 20, na mwisho kabisa unafunga miunganisho ya hifadhidata. Mpangilio huo una maana: mwanzoni tulikuwa tumeifunga hifadhidata kwanza, na maombi ya mwisho yote yalipata 500.

Wiki ya 12

Mwenzetu mpya alijiunga Jumatatu. Nilimpa kazi ya kweli: nafasi isifutwe bila ada ikiwa zimebaki chini ya saa 24. Sikumweleza mfumo, nilimwonyesha folda tu. Alibadilisha faili la kanuni za `nafasi`, akaandika majaribio saba yanayoendeshwa bila hifadhidata wala seva, likiwamo moja la dakika ileile ya saa 24 kamili ambayo hakuna kati yetu aliyeifikiria, na akaongeza mstari mmoja katika jedwali la makosa. Tuliyapitia mabadiliko yake kwa dakika 40, na yalikuwa kwenye seva ya watumiaji kabla ya Jumatano. Kazi kama hiyo mwaka jana ilituchukua siku tisa.

Bado kuna eneo moja linalonisumbua. Folda ya `ankara` inaingia moja kwa moja ndani ya hifadhi ya `nafasi` na kusoma jedwali lake, mahali 11 kwa hesabu ya leo, na kwa hiyo atakayebadilisha muundo wa jedwali hilo atazivunja ankara bila kujua. Nimeandika kanuni ya linta, kwa kutumia `no-restricted-imports`, inayokataza folda moja kugusa kilicho ndani ya nyingine isipokuwa kupitia faili lake la mbele, na mahali hapo 11 nimepaorodhesha kama vighairi vyenye tarehe. Kesho tunaanza na kile cha kukokotoa ada ya kufuta, kwa kuwa ndicho kilichoguswa wiki hii na bado kiko vichwani mwetu.